Zamu ya Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, nakusalimu kwa heshima na kukuomba radhi. Imepita miezi tangu nikufungue mara ya mwisho. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Ni uchovu tu, ule wa kuamka asubuhi ukiwa umeshachoka, kama mtu aliyebeba magunia usingizini. Naomba unipokee hivi nilivyo, na kalamu hii inayokwaruza.

Radhi ya pili anaistahili shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Tangu atoke hospitali na nyonga yake ya chuma amekuwa akinipigia simu, nami namjibu kwa maneno mazuri yasiyo na kitu ndani. Leo amepiga tena.

"Shemeji, santuri za dada yangu zinashuka lini?"

Nikasema hali ya hewa haijatulia.

"Hali ya hewa! Kwani unazisafirisha kwa ndege?"

Haki anayo. Nyingi kati ya santuri hizi za roki walizinunua wao wawili, yeye na dada yake, kabla mimi sijajulikana katika familia. Bibie — ndivyo nilivyomwita mke wangu — aliingia nazo nyumbani siku ya harusi, sanduku zima, na magauni mawili tu ya kuzifungia zisigongane. Marehemu baba alinivuta pembeni akaniuliza iwapo bibi harusi amekuja kuishi au kufungua duka.

Sasa shemeji hawezi tena kupanda ngazi zangu hadi ghorofa ya tatu. Yuko peke yake mchana kutwa katika vyumba vyake viwili nyuma ya karakana ya matairi. Anasema muziki anaousikia ni wa pampu ya upepo, na kwamba wiki iliyopita alijikuta anautingishia kichwa. Kisha akatoa hukumu: nichague tatu nibaki nazo, zilizosalia zimfikie kabla ya mwezi kwisha.

Mstaarabu angezipeleka siku ile ile. Lakini zikiondoka, nitabaki na nini humu ndani? Kabati. Jiko la gesi. Kiti cha Bibie.

Jumanne, 4 Machi

Nimezitoa zote kabatini na kuzipanga sakafuni. Magoti yamelalamika. Vumbi — aibu tupu! Bibie asingeruhusu.

Majina yaliyoandikwa kwenye majalada hatukuyatumia kamwe. Kuna Ile ya Mwavuli, kwa sababu ya picha ya mwavuli uliofunguliwa katikati ya jangwa. Kuna Wanyoaji: vijana wanne wenye ndevu ambao, kwa maoni ya marehemu, walihitaji kinyozi kuliko walivyohitaji magitaa. Kuna Mama Mkwe, iliyopewa jina hilo kwa kuwa huanza kwa kelele, huendelea kwa kelele, na hakuna mwenye ujasiri wa kuizima. Mama mkwe mwenyewe hakuambiwa hadi anaingia kaburini. Na kuna Chungwa, yenye chungwa lililomenywa nusu.

Kama ni tatu, basi ya kwanza ni Chungwa. Upande wake wa pili unafunguliwa na kinanda peke yake, polepole, kama watu wanavyopanga mstari kwenda kupokea komunyo. Halafu gitaa la umeme linaingia bila kubisha hodi. Mimi nililelewa katika kwaya ya misheni, sauti ya tatu, na padri alituonya kwamba magitaa ya umeme yanaharibu vijana. Kinanda kile kilinishika mkono kikanipitisha mlango wa nyuma. Hakuna wimbo niliokuwa nikiupenda kama huo.

Nimeandika "niliokuwa." Sijausikia tangu mwaka jana, mwezi wa tano.

Sababu sijapata kumweleza mtu. Tulipooana nilikuwa na tabia ya kuomba ruhusa kwa kila jambo. Naomba kuigeuza? Samahani, niweke hii? Ungependa nipunguze sauti? Jioni moja Bibie alichoka. Akasimama katikati ya chumba, mkono kiunoni.

"Sikiliza, bwana. Upande wa kwanza wako, upande wa pili wangu. Kila mtu na zamu yake. Tuache kuombana radhi kama tuko kwenye maungamo."

Ikawa sheria. Mimi naweka sindano upande wa kwanza, yeye anageuza na kuiweka upande wa pili. Asiye na zamu anakaa na kunyamaza. Hatukuivunja hata siku tulizonuniana. Siku hizo hasa! Nilikuwa najua tumepatana nikimsikia anainuka kwenda kugeuza.

Sasa upande wa kwanza ukiisha, nainuka, nairudisha sindano mwanzo. Zamu iliyobaki si yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekutana ngazini na fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Cherehani yake iko chini ya gramafoni yangu sawasawa. Mama wa watu, mchangamfu, tepu ya kupimia haimtoki shingoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nina swali, usinichukie. Hizo santuri zako hazina mgongo? Mwaka mzima nasikia tumbo tu."

Nilimwomba radhi kwa usumbufu. Akacheka hadi akashika ukuta.

"Usumbufu gani? Nimeshazoea. Zile za kelele nashonea suruali, zile za polepole naweka vifungo. Ila tukifika pale mwisho, pale gitaa linapolia kama paka aliyefungiwa nje, naweka mkasi chini nasubiri wimbo unaofuata. Hauji! Tunarudi mwanzo. Kama mgeni anayeaga halafu haondoki."

Nikamwambia kuwa mashine yangu ni ya zamani, haipendi kugeuziwa santuri. Uongo. Katika umri huu, kwenye ngazi, na mkate mkononi.

Ijumaa, 7 Machi

Ya pili ni Mwavuli. Hata kama itabidi nigombane na shemeji.

Wale wa Mwavuli niliwaona kwa macho yangu. Walikuja kupiga katika ukumbi wa chuo cha ufundi, nami nilikuwa kijana niliyeanza kazi kiwandani, idara ya kusahihisha maandishi ya wachapaji. Nilivaa tai. Ndiyo, tai, kwenye onyesho la roki! Nilijua namna moja tu ya kuvaa kwenda mahali penye viti vilivyopangwa safu. Nilikanyaga watu nikielekea nafasi yangu, na kila niliyemkanyaga nilimwomba radhi, na kila niliyemwomba radhi alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimemkanyaga.

Taa zikazimwa, wakaanza. Sijawahi kupigwa na kitu kama kile. Besi haikupita masikioni. Ilipita kwenye mbao za sakafu, ikapanda miguuni, ikakaa tumboni. Mbele yangu alikuwepo kijana mwenye nywele kubwa mno, duara kamili, jukwaa zima limejificha nyuma yake. Watu wakimpigia kelele: "We Nywele! Kaa!" Kando yake msichana amesimama juu ya kiti, suruali ya bugaluu iliyopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene. Nikamgusa kiwiko kwa ncha ya kidole.

"Samahani, dada. Naomba kuona."

"Panda na wewe!"

Sikuwa nimewahi kukanyaga kiti kwa viatu. Nikavivua, nikavipanga vizuri chini, nikapanda. Onyesho lilipokwisha kiatu cha kushoto hakikuwepo. Walinisindikiza hadi kwangu, yule dada na mdogo wake mwenye nywele. Dada alicheka njia nzima, hakuona haja ya kuficha. Mimi nilikuwa nachechemea kwa soksi moja na nafsi yangu imetulia kabisa.

Ya tatu ndiyo inayonishinda. Wanyoaji au Mama Mkwe? Nimechoka kuchagua. Nimelala mchana na tai — hapana, na miwani usoni.

Jumamosi, 8 Machi

Jambo baya limetokea na mimi ndiye niliyelitenda.

Asubuhi niliamua kwenda kumwona shemeji, nikae naye uso kwa uso na kumwomba muda. Adabu haimruhusu mtu kwenda mikono mitupu, wala kupeleka kilicho dhaifu wakati kizuri kipo. Kwa hiyo nilichukua Chungwa. Nilijiambia tutasikiliza kidogo, upande wa kwanza, kisha tutazungumza.

Vyumba vyake vimegusana na karakana. Mlangoni matairi, dirishani matairi, na chumba cha pili fundi wa matairi amekigeuza ghala. Shemeji alikuwa kitandani amejiegemeza, kichwa kinang'aa. Kwa jina la Nywele bado tunamwita. Hakuna aliyepata ujasiri wa kulibadilisha.

"Karibu, Bwana Samahani. Mama yangu hajambo?"

Alikuwa anamaanisha Mama Mkwe. Nikasema hajambo, yuko kabatini, bado anapiga kelele.

Amepata gramafoni. Mkanda wake ulikuwa umekatika, na fundi wa matairi amemkatia mwingine kutoka kwenye mpira wa ndani wa tairi. Unazungusha, ila unazungusha upesi kuliko inavyotakiwa. Waimbaji wanasikika kama watoto wanaowahi shule.

"Inakimbia kidogo," akasema. "Si kitu. Na sisi hatuna muda mwingi."

Niliweka sindano. Upande wa kwanza tuliusikiliza vizuri sana. Alinikumbusha onyesho la hawa wa Chungwa kwenye uwanja wa mpira, umeme ulipokatika katikati na mpiga ngoma akaendelea peke yake hadi watu wakaimba badala ya gitaa. Nikamwambia nakumbuka, mvua ilikuwa inanyesha. Akasema mvua gani? Ilikuwa vumbi! Alikohoa wiki nzima. Tulibishana kwa furaha. Nilijisikia mtu.

Upande ukaisha. Nikainuka kama kawaida ili nirudishe sindano mwanzo. Akaniwekea fimbo kifuani.

"Kaa. Mwenyeji ni mimi."

Akajikokota hadi kwenye mashine. Akaigeuza. Kabla ya kuweka sindano akaipuliza mara moja, kwa upande wa mdomo. Na kidole gumba chake ni kifupi vile vile — sikuwa nimepata kukitazama! Kidole cha Bibie, pumzi ya Bibie, mgongo ule ule ulioinama. Kinanda kikaanza. Kikawa kinakimbia.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijiona tu mkono wangu uko kwenye sindano nami nimeinyakua. Ikakwaruza. Mlio ule nitausikia hadi siku yangu.

Sikusema hata samahani. Mimi!

Shemeji alisimama ameshikilia meza. Pampu ya upepo ikawaka nje, ikazima. Halafu akasema taratibu kwamba dada yake hakuwahi kumkatia wimbo maishani, hata alipokuwa mdogo na msumbufu. Akasema kama zinaniuma kiasi hicho nibaki nazo.

"Zote. Na mama yangu baki naye."

Nikachukua kofia. Chungwa nimeliacha kwenye mashine yake.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Sikupika. Sikuweka santuri.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia shemeji jana na leo. Simu inaita hadi inachoka. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa kwenye ukumbi ule nilipopoteza kiatu. Nikimpoteza na yeye, mambo yale yatakuwa yametokea kwangu peke yangu, na mtu akiyasikia atadhani ni uzee.

Mchana fundi cherehani amepanda hadi kwangu. Alibisha hodi kwa mkasi.

"Mzee, u mzima? Mbona kimya siku zote hizi? Leo nimeshona mkono wa kulia mahali pa kushoto."

Nilimkaribisha. Alikaa kwenye stuli. Kile kiti kingine alikitazama akakipita mwenyewe, na nilimheshimu kwa hilo. Sijui kilichonisukuma. Nilimweleza yote: sheria ya zamu, upande wa pili, kidole gumba, mkwaruzo. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia, nikimwomba radhi kwa kumpotezea muda. Alisikiliza mdomo wazi.

"Kwa hiyo mwaka mzima mimi huko chini nashona matanga?"

Nikasema kwa namna fulani, ndiyo.

"Na suruali za watu! Kuna bwana harusi kavaa matanga yako, Mzee!"

Akacheka. Halafu akaacha ghafla, akaifuta miwani yake kwa ncha ya kanga. Akauliza kama anaweza kunigeuzia yeye, mara moja tu, nipumue. Nilimshukuru kwa dhati na kukataa. Hakukasirika. Akaanza kuizungusha tepu kidoleni, akifikiri.

"Hapana, kweli, si mimi. Mimi jirani. Zamu ya dada mtu si ya jirani. Marehemu ana watoto?"

Nikasema Mungu hakutujalia.

"Ana ndugu mwingine zaidi ya huyo wa nyonga?"

Hana.

"Basi Mzee, unalia nini? Mwenye zamu si huyo? Mtu akifa vitu vyake havikai hewani, vina mrithi. Shamba lina mrithi, sufuria ina mrithi, zamu isiwe naye? Alikuwa anageuza chake, wewe ukamnyang'anya sindano!"

Ameshuka akiniacha nimesimama mlangoni. Nimesahihisha maandishi ya watu muda wote wa kazi yangu. Kosa hili lilikuwa nyumbani kwangu na sikuliona.

Jumatano, 12 Machi

Amepokea.

Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi yote niliyokusudia kusema, kwa mpangilio, nikaanza: "Ndugu Shemeji, kwa unyenyekevu mkubwa na kwa moyo uliojaa majuto —"

"Unasoma?"

"Nasoma."

"Weka karatasi chini."

Nikaiweka. Bila karatasi nilikuwa kama mtu aliyeshushwa njiani. Nikamwambia hivyo hivyo, vipande vipande. Nilisikia pampu.

"Dada hakuniambia jambo hilo."

"Hatukumwambia mtu."

"Kwa hiyo tangu tumzike hujasikia kile kinanda?"

"Sijasikia."

"Halafu ukaja kukisikia kwangu, kinakimbia kama kimefukuzwa na mbwa."

"Kwa heshima zote, shemeji — ndiyo."

Akacheka. Alicheka hadi akakohoa, na kukohoa kukageuka jambo jingine, nami nikangoja. Kisha nikamfikishia hukumu ya fundi cherehani: zamu ni yake, kwa damu. Akataka nirudie. Nikarudia.

"Mwanamke huyo ana akili kuliko sisi wote wawili. Mwambie nimepokea urithi." Halafu: "Umeliwekea alama Chungwa. Likifika pale gitaa linapoingia, linaruka. Gitaa linaingia limeshafika katikati ya chumba."

Nikamwomba radhi, mara hii kikamilifu. Akaniambia nisimalize, inatosha.

Lakini tatizo limebaki, tena sasa linaonekana vizuri zaidi. Yeye hapandi ngazi. Mimi magoti haya hayawezi kwenda karakana kila siku na kurudi. Mwenye upande wa kwanza yuko huku, mwenye upande wa pili yuko kule. Santuri haikatiki katikati kama mkate. Tulilizunguka jambo hilo kwa simu, tukalitazama, kila mmoja akamwachia mwenzake alitamke. Hakuna aliyelitamka. Tukaagana.

Ijumaa, 14 Machi

Amepiga mwenyewe, asubuhi mapema, bila salamu.

"Nimefikiri. Haikuwa mvua."

Nikamwambia kwa heshima kwamba nilikuwa na mwavuli.

"Mwavuli wako ulikuwa nao hata kiangazi! Ulikuwa nao kwenye harusi yako!"

Nikasema naikumbuka shati ya mpiga gitaa imeganda mgongoni kwa maji. Akasema jasho. Nikasema na matope kwenye bugaluu ya Bibie, aliifua mara mbili. Akasema matope yanaweza kuwa ya njiani. Zamani tungegeuka wote wawili tumuulize yeye, naye angetoa uamuzi huku anaendelea na shughuli yake, na angekuwa anadanganya ili amfurahishe aliyekuwa amechoka zaidi siku hiyo. Sasa tumebaki wawili, kila mtu na kura moja. Haitamalizika.

"Zilete zote Jumapili," akasema. "Na mashine yako, hii yangu inatuzeesha. Uje unieleze hiyo mvua vizuri."

Nikasema nitakuja na nitakaa kwa muda ambao adabu inaruhusu.

"Adabu yako haijawahi kuruhusu kitu."

Halafu, kama mtu anayetaja bei ya sabuni, akaniambia amemwamuru fundi aondoe matairi kwenye kile chumba cha pili. Kwa sababu ya harufu, alisema. Nikamwambia hiyo ni busara, harufu ya mpira si nzuri kwa mtu mwenye nyonga. Akasema ndiyo, daktari alisema hivyo. Daktari wa nyonga! Sikumuuliza. Naye hakuniuliza mbona nimenyamaza.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka mapema. Nimenyoa. Nimevaa tai.

Santuri nimezipanga katika masanduku mawili ya sabuni, zimesimama wima, majalada yakitazama upande mmoja. Mama Mkwe yuko nyuma, asiwasumbue wengine. Nilijaribu kutafuta maneno ya kumwambia shemeji jambo lenyewe, nikajaribu kwa kalamu. "Ndugu Shemeji, endapo haitakuwa usumbufu." Nikafuta. "Ndugu Shemeji, kuhusu chumba cha pili." Nikafuta. "Ndugu Shemeji, nimechoka." Hilo nililiacha likakaa kidogo, ndilo lililokuwa kweli. Nikalifuta pia. Haitoshi mtu kumpelekea mwenzake uchovu wake kama zawadi.

Fundi cherehani amepanda kuona kazi inakwendaje. Akatazama masanduku, akatazama mashine, akatazama tai. Akauliza kama atunze ufunguo wangu, ili amwagie maji kile chungu cha maua dirishani. Nikasema ni siku chache tu.

"Siku chache ngapi, Mzee?"

Nikasema sijapata uhakika.

"Basi nitamwagia hadi uhakika upatikane," akasema, akautia ufunguo kwenye sidiria bila kunitazama. Amelalamika kwamba sasa itambidi anunue redio, na kwamba redio haijui kunyamaza mahali panapotakiwa. Akaenda kumwita mumewe.

Nakuandikia nimesimama, daftari juu ya kabati tupu. Nawasikia. Mchukuzi wa sokoni tayari yuko ghorofa ya pili. Kila ngazi anaipa tusi lake, na mume wa fundi anamsihi apunguze, kuna mzee wa kanisa juu. Wamekubaliana hivi: mchukuzi atabeba mashine, mume wa fundi cherehani atabeba santuri, sanduku moja baada ya jingine.

Nyuma ya mlango kuna mkoba. Una pajama zangu, wembe, dawa za presha, na shati za wiki nzima nilizozipiga pasi jana. Huo hawajauona. Huo nitaubeba mwenyewe.